Fundi Kondo Alipomshtaki Mtani Wake

"Siku mtakayoniona mimi Kondo nimetia sindano kwenye nguo ya marehemu wa Ulaya, nivueni hizi zangu papo hapo, mnizungushe Temeke nzima kama nilivyozaliwa, na ngoma mpige!"

Maneno hayo fundi Kondo aliyatoa mwaka 1987, akiwa juu ya benchi, kwenye mkutano wa hadhara uwanja wa shule pale Temeke Mikoroshini. Waliomsikia ni mabalozi wanne wa nyumba kumi, mafundi cherehani wenzake, kina mama waliokuja wakidhani kuna mgawo wa sukari, na mbuzi mmoja aliyekuwa anamalizia kutafuna ajenda. Makofi yalipigwa. Kina mama wakatia vigelegele, maana hata kama sukari haikuwepo, angalau mtu alikuwa ameahidi kuvuliwa nguo.

Mitumba ndiyo kwanza ilikuwa imefunguliwa mlango. Kabla ya hapo watu walipanga foleni kwenye duka la ushirika kugombea kitambaa cha aina moja na rangi moja, mpaka harusi ikawa inafanana na gwaride. Ghafla yakaanza kuingia marobota ya nguo za ng'ambo, na mtaa ukazipa jina: kafa Ulaya. Iliaminika kwamba kila shati lina mwenyewe, na mwenyewe kazikwa bila shati. Watu walinunua kwa kujificha, wakazifua mara saba, kisha asubuhi wakaulizana kwa sauti ya chini kama kuna aliyeota Mzungu amekuja kudai suruali yake.

Kwa Kondo hizo hazikuwa habari za kuchekesha. Katika miaka ile ya shida yeye alikuwa mfalme. Shati likichakaa shingoni, aliifumua kola, akaigeuza upande wa ndani uwe nje, akaishona tena, na mwenye shati akaondoka kifua mbele kama katoka dukani. Tepu ilikuwa shingoni mwake kwa urembo tu. Mteja akisimama mbele yake, Kondo alifumba jicho moja, akatoa ncha ya ulimi, akamtazama mara moja na kusema: "Kiuno thelathini na nne. Na mguu wako wa kushoto mfupi, ulikuwa unajua?" Hakuwahi kukosea. Cherehani yake ya miguu ilikaa barazani kwa mama yake, Bi Somoe, mwenyeji wa Dar tangu mji una minazi mingi kuliko watu.

Nyumba ya pili, upande wa pili wa barabara, alipanga Adelard.

Adelard alikuwa Mnyamwezi wa Tabora aliyekuja kufanya kazi kiwanda cha nguo. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu zama za misafara, na hawa wawili waliufanya utani huo kama watu wanaolipwa mshahara. Kondo alimwita Adelard mpagazi. Adelard alimwita Kondo mtumwa wangu. Kondo akipita na kuona Adelard anakula, alichukua nyama akaacha mchuzi. Adelard aliwahi kuja Sikukuu ya Idi akakamata kuku bandani, akamchinjisha kwa sheikh wa jirani, akampa mke wa fundi ampike, kisha akamkaribisha fundi kwenye kuku wake mwenyewe: "Karibu, mtumwa wangu, kula, usione haya." Mwezi mzima watu walimcheka Kondo, na Kondo alicheka kuliko wote. Radio ya Adelard nayo ilikaa barazani kwa fundi wiki mbili, na mwenyewe alilazimika kuja kusikilizia mpira hapo hapo, amekaa chini.

Lakini utani mkubwa ulikuwa wa Adelard na Bi Somoe. Kila asubuhi, akienda zamu, alisimama mbele ya baraza na kupaza sauti:

"Somoe! Bado hujafa tu?"

"Nakungoja utangulie, mpagazi. Nani atanibebea mizigo huko?"

"Mie nishachoka kungoja. Kaburi nimelipima juzi. Fupi, kama mwanao."

"Lipime vizuri, usije ukaingia wewe."

"Nitaingia! Siku yako nitalala mlangoni hapa. Jeneza halitoki. Mpaka huyu mtumwa wangu anipe jogoo na kanzu, ndiyo uende zako."

"Jogoo wako yule pale," Bi Somoe alisema, akionyesha uani. "Namnenepesha. Na usipolala mlangoni, mpagazi, nitarudi nikuulize."

Na kweli jogoo alikuwepo. Akizeeka anachinjwa, anawekwa mwingine, na jina lilikuwa moja: jogoo wa mtani. Mgeni akitamani kitoweo anaambiwa huyo ana mwenyewe. Bi Somoe hakuwa na hofu na kifo chake. Alikwishapanga nani atakipa kicheko.

Kiwanda kikaanza kufanya kazi siku tatu kwa wiki, halafu moja, halafu Adelard akaambiwa akapumzike nyumbani mpaka atakapoitwa. Hakuitwa. Akakaa kama mwezi akikuna kichwa, kisha siku moja akaonekana anashusha robota la mitumba. Alilifungulia wapi? Upande wa pili wa barabara, mkabala na cherehani ya fundi Kondo. Juu ya kamba akatundika suruali moja ambayo wangeweza kuingia watu wawili na mtoto, akaibandika karatasi: SURUALI YA MAREHEMU. FUNDI KONDO KARIBU UJARIBU.

Siku ya kwanza Kondo alicheka. Alivuka barabara, akaingia mguu mmoja wa suruali mzima mzima, akatembea nao kama gunia, mtaa ukafa kwa kicheko. Mwezi wa kwanza alicheka. Wa pili alitabasamu. Kufikia Ramadhani ya mwaka 1988 meno yalikuwa hayaonekani tena.

Ramadhani kwa fundi wa pwani ndiyo mavuno. Kila mtu anataka nguo mpya ya Idi, na miaka ya nyuma ikifika siku ya ishirini na kitu nguo zilikuwa zimempandia Kondo mpaka kidevuni, anafuturu mguu ukiwa kwenye pedali. Safari hii, siku ya ishirini na moja ya mfungo, mezani palikuwa na kaptula moja ya shule na foronya ya mto. Ng'ambo ya pili, kwa Adelard, watu walikuwa wameinama kwenye robota kama kuku kwenye pumba.

Mchana ule Adelard alivaa gauni refu la maua kutoka kwenye robota lake, akajizungushia kamba ya katani shingoni badala ya tepu, akafumba jicho moja, akatoa ncha ya ulimi. Ukimwona ni Kondo mtupu. Akaanza kuwapima wapita njia.

"Wewe kifua arobaini, kichwa sifuri! Wewe mama, njoo, kiuno sikioni, kimehama lini?"

Watu walishika mbavu. Wateja watatu waliokuwa wamesimama kwa fundi kuulizia bei ya kushona wakavuka barabara kwenda kucheka, na walipomaliza kucheka wakanunua.

Siku nyingine Kondo angerusha rula. Angevuka, amvue mpagazi lile gauni, alivae yeye, na kesi ingeishia hapo. Siku ile aliinuka kimya, akaenda kugonga chumba cha mbele kwa mpangaji wa mama yake, Mwalimu Elinaza wa sekondari, akamwomba amwandikie barua ya serikali.

Mwalimu Elinaza alikuwa na mwandiko mzuri na mapenzi makubwa na lugha ya ofisi. Akaandika juu kabisa, kwa herufi kubwa: YAH: UUZAJI WA MAVAZI YA MAREHEMU KATIKA MAKAZI YA WATU NA ATHARI ZAKE KWA TAIFA. Chini akataja magonjwa ya ngozi, kuuawa kwa viwanda vya nchi, na biashara isiyo na kibali. Alipofika kwenye jina la mshtakiwa akainua kalamu.

"Fundi, huyu si mtani wako?"

"Utani na kazi mbalimbali."

"Kwani hamuwezi kuyamaliza huko huko kwenye utani?"

"Mwalimu, andika."

"Haya. Nukta?"

"Weka nukta."

Mafundi sita walitia sahihi, wawili kwa dole gumba. Siku ya tatu gari la mgambo likaja.

Adelard alipoona wanakunja robota lake alidhani ni mchezo, na alidhani ni mchezo mzuri kuliko yote. Akajipigapiga mapaja. "Mtumwa wangu!" akapiga kelele kuvuka barabara. "Hii kali! Leo umeniweza, wallahi umeniweza! Haya basi, waambie, tunataniana!"

Mgambo aliyeshika ncha moja ya robota alisimama. Alikuwa mtu mzima, na alijua utani ni nini. Hakutaka kujitia kwenye jambo la watani. Akageukia barazani.

"Fundi, kweli mnataniana nyie?"

Hapo palikuwa na nafasi. Kondo baadaye aliipima nafasi ile mara nyingi kwa jicho lake lile la kufumba, na kila alipoipima aliiona kubwa, ya kupita gari. Neno moja tu lingetosha: ndiyo. Bi Somoe alikuwa mlangoni, mkono kwenye kizingiti, anamtazama mwanawe. Kondo aliinamisha kichwa na kuanza kukanyaga pedali. Cherehani ikalia kwa kasi, gurudumu likazunguka, sindano ikapanda na kushuka, na chini ya sindano hapakuwa na kitambaa.

"Mie sijui mambo yake," alisema.

Adelard aliacha kucheka taratibu, kama mtu anayekumbuka kitu. Wakampandisha garini pamoja na ile suruali kubwa. Alilala ndani siku mbili. Robota halikurudi. Wiki haikuisha, akafunga kitanda chake kwenye mkokoteni akahamia Vingunguti, na alipokuwa anapita mbele ya baraza Bi Somoe akamwita:

"Mpagazi! Hujaniuliza leo kama nimekufa."

Adelard aliinua mkono tu, akaendelea kusukuma.

Sasa njooni kwenye mwaka uliofuata. Fundi Kondo aliendelea kuwa na msimamo, na msimamo ulikuwa unamkondesha. Ijumaa moja, baada ya swala, alisimama nje ya msikiti akawalaumu vijana waliovaa mitumba kwenye safu ya mbele. Alisema hajui malaika wanaandika thawabu kwa jina la nani, mvaaji au marehemu. Kesho yake akaenda Tandika kwa Hamoud, Mwarabu aliyemuuzia vitambaa tangu yuko mwanafunzi wa ufundi. Alikuta rafu tupu. Pale zilipokaa jora za tetroni na khaki yalikuwa yamepangwa marobota mpaka darini, na Hamoud kakaa juu ya moja anakunywa kahawa.

"Vitambaa viko wapi, sheikh?"

"Siagizi tena. Nani ananunua? Wewe peke yako, fundi, na wewe mwenyewe unanunua yadi mbili." Hamoud akalipigapiga robota alilokalia. "Hizi zinakuja kubwa kwelikweli. Wazungu wanene. Kila anayenunua ananiuliza, Hamoud, nani atanipunguzia? Mie nawajibu kuna fundi mmoja hodari Mikoroshini, lakini huyo kaapa."

Kondo alirudi nyumbani kwa miguu. Jumapili hakutoka. Jumatatu asubuhi, juu ya cherehani, kilining'inia kibao kipya chenye rangi isiyokauka: TUNAPUNGUZA NA KUUZA NGUO BORA ZA NG'AMBO.

Mwalimu Elinaza, aliyependa maneno yaliyosafiri mbali, alisimama mbele ya kibao na daftari zake kwapani, akasema Wafaransa wana neno lao kwa mtu anayegeuka ghafla namna hiyo: volte-face. Mtaa ulijaribu kulitamka, ukashindwa, ukasema tu fundi kajigeuza kola. Fakihi, muuza kahawa, aliweka birika chini akauliza kwa heshima zote:

"Fundi, shikamoo. Tukuvue sasa hivi au tungoje alasiri, jua lipungue?"

"Msinielewe vibaya," Kondo alisema. "Mie nilipinga uchafu. Nguo sikuwahi kuipinga. Hizi zangu zinafuliwa kwa maji ya moto."

"Kwa hiyo marehemu wako wewe wanaoga."

"Kunywa kahawa yako uondoke."

Ikaishia hapo. Hakuna aliyemvua. Mafundi waliotia sahihi ile barua walikuja mmoja mmoja kuuliza Hamoud anafungua marobota lini, na wiki ya pili mtaa mzima ukawa unapunguza. Kondo ndiye aliyekuwa na jicho. Kwenye suruali ya Mzungu wa kilo mia alimtolea mtu wa Temeke suruali mbili na kofia. Akanunua cherehani ya pili. Akaezeka upya nyumba ya mama yake. Mgambo waliokuwa wakikamata mitumba walianza kuja kupunguziwa zao.

Ila asubuhi zilikuwa zimekuwa kimya. Bi Somoe alikaa barazani saa ile ile aliyokuwa akikaa, akitazama ng'ambo ya barabara, na jogoo wa mtani akizunguka miguuni pake, mnene, hana kazi.

"Kondo," alisema siku moja, bila kumtazama. "Jambo ulilomshtakia yule, si ndilo hili unalolifanya?"

"Ndilo, mama."

"Basi nenda kamlete. Mie mtu mzima. Nani atalala mlangoni?"

Kondo alikwenda Vingunguti na moyo mwepesi. Aliamini lililovunjwa kwa utani litaungwa kwa utani. Alimkuta Adelard kwenye kibanda cha mitumba kando ya barabara iendayo machinjioni, kakonda kidogo, kavaa miwani. Kondo akaanzia mbali, kwa sauti ya kale:

"Nyie wapagazi! Mlipofika pwani na pembe za ndovu kichwani mkaonja bahari mkasema supu ina chumvi nyingi! Bado tu hamjapata akili?"

Wateja walicheka. Adelard akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena.

"Karibu, ndugu Kondo," alisema. "Familia hawajambo?"

Kondo alingoja. Alijua baada ya hapo litakuja tusi. Adelard alikuwa fundi wa kuchelewesha. Halikuja. Kikaja kigoda. Ikaja soda, na Adelard akailipia mwenyewe, akampa kwa mikono miwili kama anavyopewa mkwe.

"We mpagazi, unaninywesha soda kama mgeni?"

"Mgeni ni baraka."

"Kwa ile barua, mie..." Kondo akacheka kidogo, kicheko kikamtoka peke yake. "Si unaona na mie nauza? Nimegeuka. Nivue basi, niliapa."

"Nimesikia. Biashara njema, Mungu akuzidishie." Adelard alisema hivyo bila kejeli hata tone, na hilo ndilo lililomtisha Kondo. "Kugeuka si neno, ndugu Kondo. Kila mtu kageuka siku hizi. Mie mwenyewe nilikuwa nafuma kanga, leo nauza hizi. Lakini mtani hashtakiwi. Wewe ulinishtaki, maana yake mimi kwako ni mtu tu. Na watu huishi kwa heshima."

Alimsindikiza mpaka kituoni. Hakumkanyaga hata kwa bahati mbaya.

Mwaka 1991 Bi Somoe aliugua, na ilipofika hatua ya kugeuzwa kitandani alitaka kumwona mtu mmoja. Kondo alikwenda tena Vingunguti. Safari hii hakutania. Alisema tu, "Mama anakuita," na Adelard akafunga kibanda mchana kweupe akaja.

Chumbani palikuwa na wanawake wa ukoo wamekaa kwenye mkeka. Bi Somoe alipomwona mlangoni, uso wake, uliokuwa umebaki mifupa, ulifunguka.

"Mpagazi," alisema. "Umechelewa. Karibu nife bila ruhusa yako."

Kondo alikuwa amesimama nyuma ya mlango. Aliona mdomo wa Adelard unafunguka. Aliona bega linapanda kidogo, vile vile lilivyokuwa likipanda zamani asubuhi kabla ya matusi. Akasema moyoni: tusi na lije. Litukane kaburi lake, limtukane na yeye, liwatukane Wazaramo wote mpaka wa mwisho. Macho ya Adelard yakazunguka, yakamkuta Kondo nyuma ya mlango, yakakaa hapo. Bega likashuka.

"Shikamoo, mama," alisema Adelard.

Miaka kumi na nne alikuwa amemjua, hakuwahi kumpa shikamoo hata moja.

"Marahaba," alijibu Bi Somoe, maana ndivyo inavyojibiwa. Kisha akageuza uso ukutani, na hakuongea tena siku ile.

Alikufa Jumanne. Asubuhi ya maziko Kondo alimfunga jogoo mguu kwa kamba karibu na mlango, mahali pa kuonekana. Ndani ya kikapu aliweka kanzu nyeupe aliyoishona kwa siku nne, ya kitambaa kipya alichokitafuta mji mzima, kwa kipimo alichokuwa nacho kichwani: mabega mapana, mikono mirefu kidogo, kifua arobaini. Watu walijaa mpaka barabarani. Adelard alikuja mapema. Alivua kofia, akakaa kwenye jamvi na wageni wa mbali, akatoa rambirambi yake kwa mwandishi, jina likaandikwa kwenye daftari kama majina mengine yote.

Jeneza lilipoinuliwa, wabebaji walisita mlangoni wenyewe. Miguu yao ilikuwa inajua kwamba hapo panatakiwa mtu. Mjomba wa Kondo, mzee aliyetoka Kisarawe, akauliza kwa sauti: "Watani wa marehemu wako wapi? Anatoka bure hivi hivi?"

Macho yakamwendea Adelard. Mtu mmoja akamgusa bega: "Mtani, mlango huo."

"Mimi nimekuja kuzika tu," alisema Adelard kwa upole, akajisogeza pembeni kuwapisha.

Kizingiti kilikuwa kitupu. Wabebaji wakapita. Jogoo aliruka mpaka mwisho wa kamba yake, akaanguka, akanyanyuka. Kondo alishika mbele ya jeneza la mama yake akaona ni jepesi mno, na njia ya makaburini, ambayo kwa maziko mengine ya Wazaramo ina vicheko na ugomvi wa uongo mpaka shimoni, ilikuwa fupi na nyoofu kama ya mtu asiye na kwao.

Alikaa na hilo hadi Februari. Kisha siku moja, joto likiwa linayeyusha lami, alifunga cherehani zote mbili akaenda Vingunguti mara ya tatu. Hakusalimia. Kwenye kamba ya Adelard lilining'inia koti zito la baridi kali, la manyoya shingoni, lenye vifungo vikubwa vya shaba, koti ambalo Vingunguti nzima halina mtu wala siku. Kondo alilivuta kwenye kamba, akalivaa juu ya shati lake, akafunga vifungo vyote hadi kidevuni, akaanza kuondoka nalo katikati ya barabara akitembea kwa maringo, jasho likimchuruzika.

"Mpagazi!" alipiga kelele bila kugeuka. "Nimevaa ya marehemu! Niliapa mbele za watu! Njoo univue!"

Wachinjaji waliokuwa wanapita na vikapu vya nyama walisimama. Mama muuza mihogo akaweka kisu chini. Watu walikwishaanza kutabasamu, wanangoja. Kondo alihesabu hatua: tano, sita, saba. Alisikia viatu nyuma yake, viatu vya haraka, akapunguza mwendo na kutanua mabega ili akamatwe vizuri.

Mkono ulimgusa kiwiko, taratibu.

"Samahani, ndugu Kondo," alisema Adelard. "Hilo koti ni shilingi elfu moja na mia mbili."